Mpaka wa Marehemu Nzioka

Jumapili, 13 Oktoba

Pasta Mbithi ametugawia madaftari leo, moja kwa kila nyumba, yenye picha ya twiga mbele. Amesema kuanzia sasa hadi Krismasi kila nyumba isome sura moja kwa siku, na tusikae tukitafuta maana iliyojificha. Tujiulize sura inatuambia tufanye nini, tufanye, tuandike. "Biblia si kitendawili," akasema. "Ni barua. Mtoto wako akikuandikia umtumie mahindi, si unatuma mahindi?" Watu wakacheka. Ni kijana, ana miezi miwili tu hapa Kasikeu na suti moja, lakini mdomo anao.

Madaftari atayakusanya Krismasi ayasome. Kwa hiyo nimepitia dukani kwa Bilal nikanunua lingine, hili. Lile la twiga ni la pasta. Hili ni langu na litakaa ndani ya gunia la kunde, mahali Ndeti hawezi kutia mkono kwa sababu kunde si kazi ya wanaume.

Mimi ni Kathini, mjane wa Nzioka, mwenyekiti wa akina mama kanisani. Sijui kwa nini nimejitambulisha na msomaji ni mimi peke yangu. Ni mazoea ya kusimama mbele za watu.

Jumatano, 16 Oktoba

Tumepanda ndengu kavu, mimi na mwanangu Ndeti. Ardhi ni ngumu na wingu hakuna. Sura ya leo ilisema tusisumbukie kesho, nami nimesumbuka mchana kutwa.

Jumamosi, 19 Oktoba

Kalondu ameniua kwa kicheko. Sura yake ilisema wapendwa wasalimiane kwa busu takatifu, basi akaenda moja kwa moja kwa mzee wa kanisa aliyekuwa akifunga mzigo kwenye baiskeli, akambusu shavuni. Mzee akaiacha baiskeli akaenda zake kwa miguu.

"Si pasta alisema tusiulize maana?" Kalondu ananiambia huku akijifuta machozi kwa leso. "Mimi nimefanya, nimeandika. Hiyo ingine ni shida yake."

Nimemfahamu tangu tulipoolewa wote huku, na sijawahi kumwona akiogopa kitu. Namwonea wivu.

Jumanne, 22 Oktoba

Baraza kwa naibu wa chifu. Watu wa kupima ardhi watakuja Januari ili tupate hati, na kila mtu atapimiwa kwa mpaka ambao yeye na jirani yake wamekubaliana. Kisilu akasimama, kofia mkononi. Kisilu ndiye jirani yetu upande wa kijito, alifiwa na mke zamani, anaishi peke yake. Akasema mpaka kati yake na sisi si ule wa makonge, na hajawahi kuukubali kwa miaka kumi na tisa. Watu wakaguna. Wengine wakacheka wazi.

Mzee huyu hachoki. Kanisani aliacha kuja, sokoni hasalimii mtu, kola ya shati imekatika, na kila mwaka lazima atusumbue kwa ajili ya hatua kumi na moja za udongo.

Ndeti hakucheka. Amechimba msingi wa nyumba yake ndani ya hatua hizo hizo kumi na moja, na Kasyoki, msichana wa Kikima ambaye Ndeti anataka kumwoa, amekuja mara mbili kuutazama. "Ajaribu tu," akasema. "Mimi tangu nipate akili nimeona hayo makonge hapo."

Ni kweli. Alikuwa na miaka minne.

Jumapili, 27 Oktoba

Leo nimejilaani kwa mdomo wangu mwenyewe.

Pasta alisoma Kumbukumbu la Torati ishirini na saba. Ni ile sura ambayo Walawi wanatangaza laana moja moja kwa sauti kubwa, na kila laana watu wote wanaijibu. Pasta akafunga kidole kwenye kitabu akatuangalia. "Imeandikwa watu wote waseme Amina. Haijaandikwa wakae wakisikiliza. Simameni."

Tukasimama. Akasoma ya mwenye kuchonga sanamu, tukasema Amina. Akasoma ya anayemdharau baba au mama yake, Amina. Kisha akasoma ya mtu anayesogeza mpaka wa jirani yake.

Kanisa zima likajibu. Kalondu aliisema kwa nguvu kuliko wote akinigusa kwa kiwiko, kwa maana alidhani anayepigwa ni Kisilu. Wanawake wawili wa benchi la mbele wakageuka kunitazama kwa huruma, kama mtu aliyeonewa. Nami nikasema Amina. Ningefanyaje? Mwenyekiti wa akina mama hawezi kusimama kimya watu wakitazama. Niliisikia sauti yangu ikitoka sawasawa, haikutetemeka hata kidogo, na hilo ndilo linaloniogopesha hadi sasa.

Laana zilizofuata sikuzisikia. Nimerudi nyumbani sijapika. Ndeti amekula mkate.

Jumanne, 29 Oktoba

Mvua imefika saa nane mchana, kubwa, na mabati yanapiga kelele kiasi kwamba mtu hawezi kunisikia hata nikisema kwa sauti. Basi nitaandika mara moja.

Miaka kumi na tisa iliyopita Mutanu, mke wa Kisilu, aliugua, na Kisilu akamfuata hospitalini Machakos akakaa naye huko miezi mitatu. Msimu huo zamu ya mwethya, kazi ya kusaidiana kwa kikundi, ilikuwa kwetu. Watu wa kikundi walikuja arobaini na kitu kutuchimbia matuta, kama tulivyowachimbia wao, na wengi walitoka ng'ambo ya kilima, hawakujua shamba letu linaishia wapi. Nzioka aliamka mapema akavuta kamba. Aliivuta ng'ambo ya makonge, hatua kumi na moja ndani ya shamba la Kisilu, pale penye unyevu ambapo Mutanu alikuwa akipanda nduma. Akawaambia, "Tuta la mwisho lifuate kamba. Hayo makonge ng'oeni, yako njiani."

Mimi nilikuwa nimeinama kwenye sufuria ya isyo, mahindi na maharagwe ya kuwalisha. Niliiona ile kamba. Nikamwangalia Nzioka, naye akaniangalia, na hatukuambiana neno lolote. Saa saba, watu walipokuwa wakila, nilibeba miche ya makonge mgongoni, safari nne, nikaipanda kufuata kamba. Mikono hii ndiyo iliyoipanda. Kufikia mvua iliyofuata ilikuwa imeshika kama iliyozaliwa hapo.

Mutanu hakupona. Kisilu alirudi na jeneza. Alipomaliza matanga akaenda kwa wazee wa mbai, maana sisi na yeye ni ukoo mmoja, akasema mpaka umesogea. Wazee wakaniuliza mimi, kwa sababu nilikuwa mwalimu wa watoto wa Jumapili na nilijulikana kwamba sisemi uongo. Nikasema makonge ni yale yale aliyoyapanda baba mkwe. Wakamwonea Kisilu huruma. Wakasema huzuni imemvuruga akili, atapoa.

Nzioka alikufa mwaka wa nne huu, kwa usingizi, bila kulitaja.

Nimeandika. Sijisikii afadhali. Mvua inaongezeka.

Jumamosi, 2 Novemba

Ndengu zimeota. Nzuri zaidi ni zile za hatua kumi na moja.

Jumapili, 3 Novemba

Nimeanza kuruka sura. Nikiona naelekea Hosea, penye wakuu wanaosogeza mipaka, nageuza hadi Wimbo Ulio Bora. Nikienda Ayubu, mpaka upo. Nikifungua popote naona upo. Sikujua Mungu amejishughulisha na mipaka kiasi hiki. Miaka yote nimesoma kitabu hiki kwa sauti mbele ya watu na sikuona hata mmoja, kwa sababu nilikuwa nasoma nikitafuta mambo ya kuwafundisha wengine.

Daftari la twiga: "Leo nimesoma kuhusu upendo. Nimempelekea mjane maziwa." Pasta atafurahi.

Ijumaa, 8 Novemba

Radi imepiga ng'ombe wa watu bondeni. Ndeti alikuwa msingini akipanga mawe, hatua mia tatu kutoka pale. Nilikimbia nje bila viatu nikimwita kama kichaa, naye akacheka. "Mama, si imepiga kule?"

Nimeketi jikoni nikihesabu kila kitu kibaya kilichotupata kwa miaka kumi na tisa. Mimba mbili zilizoharibika. Nzioka. Mbuzi waliokufa mwaka wa ukame, lakini mwaka ule mbuzi wa watu wote walikufa. Sijui niweke nini kwenye hesabu na nini nikiache.

Jumatano, 13 Novemba

Kisilu ameomba kithitu.

Ameenda kwa wazee wa mbai akasema amechoka kuchekwa. Kiletwe kithitu, na mtu yeyote wa nyumba ya Nzioka anayesema mpaka uko kwenye makonge aapishwe juu yake. Akiapa, Kisilu atanyamaza hadi kufa, na watu wa ardhi wapime kwa makonge. Wazee wamekubali.

Mkamba yeyote anakijua kithitu, hata aliyezaliwa mjini. Ni fungu la vitu vilivyofungwa kwa ngozi ambalo mwenyewe halilazi nyumbani wala halipitishi karibu na mimea. Anayeapa hukigonga kwa kijiti huku akisema maneno yake. Akiwa amesema uongo, mazishi huanzia kwake na kuendelea katika nyumba yake. Najua boma moja kule Zombe ambalo halina mtu sasa, nyasi tu.

Mimi nimeokoka. Siogopi kithitu. Nimeandika hivyo mara tatu, nikafuta mbili.

Jumapili, 17 Novemba

Nimepata njia. Niliipata Ijumaa, Mathayo tano, pale Yesu anapokataza kuapa kabisa, si kwa mbingu wala kwa nchi wala kwa kichwa chako. Niliisoma nikahisi kama mtu amenifungulia mlango. Kanisani nikaomba nafasi, nikasimama, nikasema naitiwa kiapo cha giza, nami kama mtu wa Kristo nimeambiwa nisiape, na sitaapa hata wakinitenga na mbai.

Makofi! Akina mama walipiga vigelegele. Pasta Mbithi alinishika mkono juu. "Mnaona mtu aliyesoma akafanya?" akasema. "Hakuuliza maana." Kalondu alilia.

Naye mzee mmoja wa mbai aliyekuwa pale aliniambia mlangoni, "Mama, hatuwezi kumlazimisha mtu wa kanisa. Hiyo kesi naona itaisha hivyo."

Nimekula vizuri leo, mara ya kwanza tangu mvua ianze.

Jumamosi, 23 Novemba

Haikuisha.

Wazee waliketi asubuhi chini ya turubai nyumbani kwa mwenyekiti wa mbai, mvua ikinyunyiza. Walieleza kwamba mimi nimekataa kwa sababu ya dini. Kisilu akauliza kwa upole, "Basi hakuna mwingine wa nyumba hiyo?"

Ndeti akasimama.

Nilimwona anasimama na sikuweza hata kuinua mkono. Akavua kofia. "Wazee wangu, mama ni mtu wa kanisa, muacheni. Mimi hata ushirika bado sijaanza kushiriki. Mimi ndio mwenye kujenga hapo. Nitaapa mimi, tumalizane."

"Unaujua mpaka?" mzee mmoja akamuuliza.

"Nimeonyeshwa na baba, nimeonyeshwa na mama. Naujua."

Wakapanga tarehe. Jumamosi, tarehe kumi na nne Desemba, kwenye mawe ng'ambo ya mto, mbali na mashamba. Mwenye kithitu atatoka Kitui.

Kisilu alimtazama mwanangu kwa muda mrefu. Nilitarajia afurahi. Alionekana kama mtu aliyemeza kitu kibaya. Wakati wa kuondoka alipita karibu nami akasimama. "Mama Ndeti," akasema, chini chini, kwa adabu, "huyu mtoto hajui kitu. Nilikuwa natafuta wewe."

Nilikaza leso kiunoni nikashika njia.

Jumatatu, 25 Novemba

Siwezi kulala, siwezi kula. Nimemtuma mtoto wangu mahali nilipokataa kwenda.

Jumatano, 27 Novemba

Mvua kila siku. Ndengu zimeanza maua.

Jumamosi, 30 Novemba

Ukuta wa udongo wa msingi umebomoka kwa maji ukamshika Ndeti hadi magotini. Mimi nilikuwa nikichuma mboga. Niliposikia kelele na kufika, Kisilu alishafika kabla yangu. Alikuwa ndani ya ule mtaro, ametupa kofia, anafukua kwa mikono yake, mzee wa miaka sitini na saba. "Usivute mguu, kijana, subiri kwanza. Subiri." Walimtoa, yeye na vijana wawili waliokuwa wakipita. Mguu umevimba lakini haujavunjika.

Ndeti hakumshukuru. Aliniambia baadaye, "Anataka tu nifike siku ya kiapo nikiwa mzima." Nami nilinyamaza mwanangu akimtukana mtu aliyemfukua kutoka kwenye udongo wake mwenyewe.

Nimeishi kando ya mzee huyu miaka thelathini na moja. Nilimwita mgomvi. Nikikumbuka vizuri, hajawahi kunitukana. Hajawahi kuingiza ng'ombe kwangu. Aliacha kanisa kwa sababu kila alipoingia watu walinong'ona, na aliyekuwa akiongoza nyimbo pale mbele alikuwa mimi.

Jumatano, 4 Desemba

Nimeenda kwa Pasta Mbithi. Nilikuwa nimejiandaa kusema yote. Nilimkuta akifua suti yake kwenye beseni, mikono imejaa povu, nikapoteza nusu ya ujasiri.

"Pasta," nikasema, "hicho kithitu kina nguvu?"

"Hapana, Mama. Ni ngozi na vijiti. Usimwogopee Ndeti kwa sababu ya hicho. Tatizo ni kwamba anakosea kwenda, na tutaongea naye."

"Na zile laana za Kumbukumbu? Zile tulizojibu Amina?"

Akaacha kufua. "Hizo ni neno la Mungu."

"Kwa hiyo hizo zina nguvu."

"Mama Ndeti, kuna kitu?"

Nikasema hakuna. Nikamwambia aanike suti kivulini isipauke. Njiani nilitapika kando ya barabara, na mama mmoja aliyekuwa na punda akaniuliza kama ni malaria, nikasema ni malaria.

Jumapili, 8 Desemba

Nimerudia Mathayo tano, mwenyewe, mezani, kwa sauti, polepole kama mtoto wa darasa la kwanza. Wiki tatu zilizopita niliishia pale panaponipendeza. Sentensi haijaishia pale. Inaendelea. Inasema ndiyo yenu iwe ndiyo, na siyo yenu iwe siyo. Mtu anaambiwa asiape kwa sababu neno lake tupu linatosha. Halikuandikwa ili mtu apate mahali pa kujificha na uongo wake huku akipigiwa makofi.

Nilipigiwa makofi kwa nusu ya sentensi.

Na sasa siwezi kusema sikuelewa. Pasta alitunyima hata hilo aliposema tufanye tu, tusitafute maana.

Jumatano, 11 Desemba

Nimemsihi Ndeti asiende. Nimemwambia kuna kazi ya ujenzi Sultan Hamud, wanatafuta mafundi, angeenda kesho. Nimemwambia naumwa. Nimemwambia ni dhambi.

"Mama, unaogopa nini?" Alikuwa akijifunga kitambaa mguuni. "Mtu akiwa na ukweli anaogopa nini? Nikienda, nikagonga, nikarudi, huyo mzee atanyamaza. Kasyoki atakuja kwake bila maneno. Wewe utalala."

Akaona nalia. Akaja akaniwekea mkono begani, mkono mzito kama wa baba yake. "Si mliniambia ninyi wenyewe?"

Ilikuwa nafasi yangu. Tulikuwa wawili tu. Sentensi ilikuwa fupi, maneno matano hivi, na mdomo ulifunguka kabisa. Nikasema, "Kula basi, chakula kinapoa."

Ijumaa, 13 Desemba

Naomba mto ujae wasivuke.

Jumamosi, 14 Desemba

Mto haukujaa.

Ndeti alitoka saa moja asubuhi akichechemea, na ami zake wawili. Kanisa lilikuwa limetuzuia kwenda huko, na wanawake hata zamani hawakuwa wakikaribia. Nikabaki. Nikaosha vyombo. Nikaosha tena vilivyo safi. Nilikuwa nikijiambia kuna muda, wazee wanapenda kuongea, mwenye kithitu atachelewa, matope ni mengi. Nikafungua Biblia nikafunga. Hakukuwa na kitu kipya cha kusoma, nilishaambiwa.

Saa tatu niliondoka. Siwezi kusema ni ujasiri. Niliogopa nyumba ile ilivyokuwa kimya nikaona itakuwa hivyo siku zote, na miguu ikaanza kwenda. Nilikata katikati ya shamba, nikakanyaga ndengu zangu, nikavuka mto maji yakifika kiunoni, kiatu kimoja kikaenda nayo. Kwenye kilima nilianguka mara mbili. Nilisikia sauti za wanaume kabla sijawaona.

Walikuwa wamesimama kwa mduara, mbali kidogo na kile kitu. Sikukitazama. Nilimtazama Ndeti. Alikuwa amevua viatu, yuko katikati, kijiti mkononi, na mwenye kithitu alikuwa akimfundisha maneno ya kusema. Mwanangu alikuwa ameanza. Alikuwa amesema jina lake na jina la baba yake.

"Ndeti," nikasema. "Weka chini."

Wanaume wakageuka wote. Mmoja akaninyooshea fimbo. "Mama, rudi! Hapa si mahali pako!"

"Mpaka si pale," nikasema.

Sauti haikutoka vizuri. Mwenyekiti wa mbai akauliza, "Unasema?"

"Nimesema mpaka si kwenye makonge. Makonge niliyapanda mimi, siku ya mwethya, Kisilu akiwa hospitalini. Nzioka alivuta kamba. Ni hatua kumi na moja. Mliniuliza mwaka ule nikawadanganya. Ndeti hajui kitu. Msimwapishe."

Mvua nyembamba ilikuwa ikianguka. Nilikuwa nimelowa hadi kiunoni, na nilikuwa na kiatu kimoja. Nilidhani baada ya kusema nitajisikia mwepesi, ndivyo watu wanavyoshuhudia kanisani. Nilijisikia uchi.

Ndeti alinitazama. Akatazama kijiti. Akainama akakiweka juu ya jiwe taratibu sana, kama chombo cha mtu mwingine, akachukua viatu vyake, akapita kando yangu bila kuniangalia.

Mwenye kithitu alifunga vitu vyake akinung'unika, akauliza kama mbuzi wake wa malipo bado yupo. Walimwambia yupo.

Kisilu alikuwa ameketi juu ya jiwe. Alikuwa amejifunika uso kwa kofia na mabega yanatikisika. Nilimwendea, nikapiga magoti pale matopeni, maana sikujua mtu hufanya nini. Nikamwambia anisamehe. Mwishowe alisema kutoka ndani ya kofia, "Mama Ndeti, hata mimi nilikuwa nimeanza kuamini nimepotewa na akili."

Jumapili, 15 Desemba

Nilisimama tena kanisani nikasema yote, pamoja na ile nusu ya sentensi. Makofi hayakuwapo. Pasta Mbithi alikaa ameinamisha kichwa, kisha akasema alinishika mkono juu bila kuuliza, na kosa hilo ni lake pia. Uenyekiti nimeuacha. Kalondu hakuniaga. Alishika njia nyingine, akatembea haraka, na sikumwita. Amenitetea miaka kumi na tisa kwa uongo wangu.

Bado naogopa. Naogopa vitu vingine sasa. Naogopa sokoni. Naogopa kusikia pikipiki ya Ndeti na naogopa nisipoisikia.

Alhamisi, 19 Desemba

Ndeti analala kwa ami yake. Amekuja mchana akang'oa mawe ya msingi, moja moja, akayapanga upande wetu. Kisilu alitoka akamwambia hakuna haraka, angeyaacha hadi mguu upone. Ndeti akasema, "Asante, Mzee," akaendelea kubeba.

Jumamosi, 21 Desemba

Maganda ya kwanza ya ndengu yamekauka. Nimemuuliza Kisilu anataka nimvunie zake nimletee au avune mwenyewe. Akasema mbegu ni zangu, nivune. Nikakataa. Tukabishana kwenye mpaka kwa heshima kama watu wanaogombania nani aingie mlangoni kwanza. Mwishowe amekubali nusu.

Jumanne, 24 Desemba

Pasta amekusanya madaftari ya twiga leo. Langu sikumpa. Nilimwambia lina uongo mwingi, nikampa hili nikamwambia akimaliza anirudishie. Amelisoma akiwa ameketi kwenye ngazi ya kanisa, akalirudisha baada ya saa nzima, macho mekundu. Ndiyo maana naweza kuandika haya ya jioni.

Ndeti alikuja saa kumi. Nilikuwa nikipepeta ndengu. Aliketi kwenye kigoda, si karibu wala si mbali, akatazama mikono yangu.

"Baba alijua?" akauliza.

"Alijua. Yeye alivuta kamba na mimi nilipanda."

Nikaendelea kupepeta kwa sababu sikuwa na lingine la kufanya.

"Wiki tatu," akasema. "Tangu nisimame pale kwa wazee hadi siku ile. Wiki tatu ulijua nitaapa uongo. Kila siku tulikula pamoja. Ulikuwa unangoja nini, Mama?"

Ningeweza kumwambia niliogopa kithitu kitamuua. Ningemwambia niliogopa laana. Yote mawili ni kweli na angeyapokea, angenihurumia hata. Niliweka ungo chini.

"Nilikuwa nangoja mto ujae," nikamwambia. "Niliogopa ufe. Lakini niliogopa zaidi watu wajue. Ndiyo maana nilichelewa. Wewe nilikuweka nyuma ya jina langu."

Niliona maneno yakimwingia. Uso wake ulibadilika nikadhani atainuka aende, na kwamba safari hii hatarudi. Nilishika ukingo wa ungo kwa mikono miwili. Alikaa vile vile, anatazama nje, hadi ng'ombe wa watu wakapita barabarani wakaisha.

"Sawa," akasema mwishowe, na haikuwa sauti ya mtu aliyesamehe. Akasimama, akachukua panga lililokuwa mlangoni. "Twende unionyeshe mpaka wenyewe ulipo. Wote, toka juu hadi kijitoni. Mimi nisije nikawadanganya watoto wangu bila kujua."

Tukaenda. Alitangulia, na kila tulipofika mahali aligeuka akauliza, "Hapa?" nami nikamwambia.